Halloween ya 1978 na Halloween II ya 1981: ya pili ilipungukiwa nini hasa?

Taa_Zimwe:

Wakuu, salaam. Naandaa onyesho la filamu mbili kwa usiku mmoja, Halloween ya John Carpenter ya 1978 na Halloween II ya 1981, kisha mjadala wa nusu saa. Nimezichagua kwa makusudi. Hadithi ya pili inaanzia pale pale ya kwanza ilipoishia: usiku uleule, mji uleule wa Haddonfield. Mpiga picha ni yuleyule Dean Cundey, waandishi ni walewale Carpenter na Debra Hill, na Jamie Lee Curtis (Laurie) na Donald Pleasence (daktari Loomis) wamo. Kilichobadilika ni mwongozaji, sasa Rick Rosenthal, na pesa, kutoka kama dola 300,000 hadi kama milioni 2.5. Kwa hiyo kama ya pili haitishi kama ya kwanza, sababu lazima iwe mahali panapoonyesheka kwa kidole.

Tatizo ni kwamba ukisoma maoni ya watu unakuta "ya pili damu nyingi, ya kwanza akili". Hiyo ni hukumu tu, hakuna kilichoelezwa. Nataka vitu vya kupima. Mtazamaji aangalie nini, asikilize nini? Matoleo ni mengi, nichukue lipi? Na je, kuna filamu ya pili yoyote iliyoipita ya kwanza yake, mjadala usije ukawa matanga?

Miisho itafichuliwa humu, asiyeziona ajihadhari.

Kivuli_Pembeni:

Anza na nakala, maana ukikosea hapo mengine yote bure. Zote mbili zilipigwa kwa picha pana, uwiano wa 2.35 kwa 1. Nakala iliyokatwa ili ijaze TV ya 16:9 imepoteza karibu robo ya picha. Zile za zamani za TV ya 4:3 zimepoteza zaidi ya asilimia 40. Kwa filamu nyingine hiyo ni hasara ya mandhari tu. Kwa hii ya 1978 unampoteza Michael Myers mwenyewe, muuaji wa barakoa, kwa sababu mara nyingi wanamweka ukingoni mwa fremu, nusu gizani, huku jicho lako likimfuata msichana aliye katikati. Hakikisha kuna mistari myeusi juu na chini ya skrini.

La pili ni rangi. Diski ya Blu-ray ya 2007 ina usiku uliopauka, ule ubuluu umeondoka. Toleo la 2013, la kuadhimisha miaka 35, Cundey mwenyewe alilisimamia. Namna ya kutambua haraka: tazama mtaa usiku Laurie anapovuka kwenda nyumba ya jirani. Vivuli vikiwa vya buluu, sawa. Vikiwa vya kijivu au kahawia, tafuta nakala nyingine. Na muda uwe dakika 91. Kuna toleo la televisheni lenye dakika kama 12 za ziada. Hilo liweke kando, atakuja mtu kulieleza.

Sasa picha yenyewe. Mpe kila mtazamaji swali moja: Michael yuko umbali gani na mtu anayemwinda, na nani anamwona? Kwenye ya 1978 saa za mchana zina kazi kubwa. Anasimama ng'ambo ya barabara shuleni. Anasimama kando ya ua wa miti, anaingia nyuma yake, na Annie, rafiki yake Laurie, akienda kuchungulia hakuna mtu. Laurie anaangalia dirishani, yuko katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Anaangalia tena, mashuka tu. Hakuna anayeguswa. Baada ya dada mkubwa wa Michael kuuawa mwanzoni, mauaji yanayofuata mbele ya kamera ni ya Annie, na wakati huo filamu imeshapita nusu. Muda wote huo umefundishwa kupekua kila kona ya fremu, kwa hiyo hata kona tupu inakutisha. Filamu inakufanya ujitishe mwenyewe.

Ya 1981, ambayo sehemu kubwa iko hospitalini alikolazwa Laurie, haina subira hiyo. Msichana wa nyumba ya jirani anauawa dakika za mwanzo tu, na kuanzia hapo mtu akionyeshwa peke yake kwenye korido unajua zamu yake imefika. Hesabu watu: ya kwanza wanakufa watano ukimjumlisha fundi ambaye mwili wake tu ndio unaoonekana, ya pili ni karibu mara mbili ya hapo. Lakini usiishie kwenye idadi. Pima muda kati ya kumjua mtu na kumzika. Annie na Lynda, marafiki wa Laurie, umetembea nao kutoka shule, umewasikia wakitaniana, unajua nani anamtaka nani. Wauguzi wa ya pili wanapewa sentensi tatu nne kisha sindano.

Mfano mmoja wa kusimamisha na kurudia mbele za watu: Laurie ameegemea ukuta akilia baada ya kugundua maiti, nyuma yake kuna mlango mweusi. Barakoa nyeupe inajitokeza gizani taratibu mno. Hakuna aliyesogea. Cundey aliweka taa ndogo yenye swichi ya kupandisha mwanga, akaupandisha kidogo kidogo. Ni taa moja na mkono mtulivu. Katika bajeti ya milioni 2.5 hakuna shoti (kipande cha picha kati ya mkato na mkato) inayoifikia.

Barakoa nayo iangalie. Ya 1978 ilikuwa ya dukani, uso wa Captain Kirk wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Ya 1981 ni ileile, imezeeka, na kwenye kichwa cha Dick Warlock, anayemwigiza Michael hapo, haikai kama ilivyokaa kwa Nick Castle wa ya kwanza. Castle anatembea kama mtu wa kawaida mwenye nafasi yake. Warlock anatembea kama mashine, na mashine ukishaijua mwendo wake unaweza kuikwepa.

Fundi_Spika:

Nakuja kwenye sauti, Kivuli kaigusa kwa macho tu.

Ya 1978 ilichanganywa kwa mono, yaani sauti ya chaneli moja. Nakala nyingi za nyumbani zina mchanganyo mpya wa 5.1, wa spika zinazokuzunguka, na huo unabadilisha uwiano wa muziki na kelele nyingine. Kama diski ina sauti ya mono, tumia hiyo. Sauti yote ikitoka katikati, muziki na pumzi za Michael vinakaa mahali pamoja na mazungumzo, na huwezi kujua anatokea upande gani.

Kabla ya onyesho ingia kwenye setingi za TV. Zima ile ya kulainisha mwendo, inayobuni fremu katikati ya fremu. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, ikilainishwa inageuka tamthilia ya video na lile giza linakuwa la bandia. Kwenye sauti zima hali ya usiku na chochote kinachosawazisha sauti. Kazi yake ni kupandisha minong'ono na kushusha vishindo, na filamu ya kutisha inaishi kwenye tofauti hiyo hiyo. Kisha pandisha sauti hadi mazungumzo ya kawaida yasikike kama mtu aliye chumba kimoja nawe, na rimoti ifiche. Ukibadilisha sauti kati ya filamu ya kwanza na ya pili, ulinganisho wako umekufa.

Muziki wa kwanza ni piano katika mapigo matano. Sikio limezoea mapigo manne, kwa hiyo kila mzunguko unahisi kama hatua imezidi moja, mtu anakufuata na hafiki. Carpenter ameeleza kwamba mtendaji mmoja wa studio alioneshwa filamu kabla haijawekwa muziki, na hakuogopa kitu. Picha zilikuwa hizo hizo. Kwenye ya pili Carpenter alifanya kazi na Alan Howarth, na wimbo uleule ukapigwa kwa sintesaiza yenye sauti nzito ya kinanda cha kanisa. Mwenyewe naipenda ukiisikiliza bila picha. Ndani ya filamu ina kasoro: inajaza nafasi yote, kimya kinakosa pa kukaa. Piano ina pigo halafu pengo, na mtu hujificha kwenye pengo.

Zoezi la kufanya na watu: chagua dakika 10 za katikati ya kila filamu. Mmoja ashike saa, kila mara mshtuko wa sauti unapopigwa aandike je, (a) kuna hatari kweli, au (b) ni rafiki tu, paka, mlango. Mwingine ahesabu mikato ya picha. Gawanya sekunde 600 kwa idadi ya shoti, utapata wastani wa urefu wa shoti. Usitafute nani ana mishtuko mingi. Tafuta mshtuko unaotanguliwa na nini. Mshtuko wa uongo ukirudiwa mara ya tatu bila malipo, watu wanaanza kucheka, na kicheko hicho hakirudi nyuma hadi mwisho.

Bi_Korido:

Kivuli, hospitali umeionea. Usiku mtupu, taa chache, kila mlango unaweza kufunguka, mgonjwa amelazwa hawezi kukimbia: kwa karatasi ni mahali pazuri kuliko mtaa wa nyumba. Rosenthal ana shoti ndefu za korido zinazostahili heshima. Tukio la bwawa la tiba ya maji ya moto limejengwa vizuri pia: unaonyeshwa kipimo cha joto kikipanda, kijana anatoka kwenda kukiangalia, unamwona akinyongwa nyuma ya kioo na msichana hajui, kisha mkono unaomshika bega anadhani ni wa mpenzi wake. Hiyo ni hofu ya kujua kabla ya mhusika, shule ileile ya ya kwanza. Inaharibika pale Michael anapomzamisha kichwa mara kwa mara katika maji yanayobabua ngozi ya uso wa msichana huku mkono wake mwenyewe ukitoka mzima. Dakika hiyo unaacha kuogopa unaanza kuuliza maswali.

Kasoro yenyewe ya hospitali ni kwamba haina watu. Wagonjwa wako wapi? Hospitali ya mji mzima, usiku ambao watu wameuawa mitaani, na korido haina hata mtu anayekohoa. Kwenye mtaa wa 1978 majirani wapo: Laurie anagonga mlango akiomba msaada, taa ya barazani inawaka, mtu anachungulia, kisha anazima. Upweke wa namna hiyo unauma kwa sababu watu wapo na hawaji. Hospitali tupu ni seti tu.

Kubwa kuliko yote ni Laurie. Ya kwanza anapigana na alichonacho mkononi: sindano ya kufumia, waya wa kutundikia nguo kabatini, kisu alichokiokota. Ya pili amelazwa, amechomwa dawa, anafumba macho sehemu kubwa ya filamu. Akiamka anajikokota hadi maegesho ya magari, anawaona waokoaji wanaingia mlangoni, sauti haitoki mpaka mlango umefungwa. Tukio zuri sana, limechelewa. Ukitaka kipimo kimoja tu cha kuwapa watu wasiojua filamu, wape hiki: hesabu maamuzi ya mhusika mkuu. Mara ngapi amechagua kitu, na uchaguzi ukabadilisha kinachofuata?

Taa_Zimwe:

Hii ni dhahabu, asanteni. Swali la nyongeza: habari ya Laurie kuwa dada yake Michael, inayofichuliwa kwenye ya pili. Inaharibu ya pili peke yake, au inarudi nyuma kuiharibu na ya kwanza? Na mwisho wa ya kwanza, ule wa vyumba vitupu, mnaushughulikiaje ikiwa ya pili inaanza kwa kuurudia?

Kivuli_Pembeni:

Hapo ndipo moyo wa jambo. Mwisho wa 1978: Loomis anampiga Michael risasi, Michael anaanguka kutoka roshani, Loomis anachungulia, hayupo. Kisha kamera inapita sehemu zote ulizoziona, sebule, ngazi, nyumba kwa nje, zote tupu, na pumzi zake zinasikika juu ya zote. Maana yake yuko popote. Ya pili inarudia tukio la kuanguka, kisha inakuonyesha alikoelekea: uchochoro huu, jiko lile, kisu hiki. Jibu lolote lingekuwa dogo kuliko swali.

Undugu ni kosa la aina hiyo hiyo. Katika ya kwanza Laurie anapeleka ufunguo kwenye nyumba ya akina Myers kwa sababu baba yake anauza nyumba, Michael yuko ndani, anamwona. Basi. Angepita mwingine angekuwa mwingine, na ndiyo maana mtazamaji anajihisi yumo kwenye orodha. Akishakuwa dada, mtazamaji anapumua: jambo la kifamilia, mimi simo. Halafu swali la pili linafuata lenyewe: kama anamtaka dada yake, wauguzi wote hawa wa nini? Carpenter amewahi kusema wazi kwamba wazo hilo lilimjia usiku akihangaika kujaza muswada, na hakujivunia.

Lile toleo la televisheni ndilo linaloleta sumu nyuma. Matukio ya ziada yalipigwa wakati ya pili inatengenezwa, ili filamu ya 1978 ijaze muda wa kituo cha televisheni cha NBC, na katika mojawapo neno "Sister" limekwaruzwa mlangoni mwa chumba cha Michael. Aliyeanza na toleo hilo haamini kwamba undugu haukuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo dakika 91, tafadhali.

Damu nayo si ya Rosenthal peke yake. Carpenter alirudi kupiga picha za ziada kuongeza ukatili, kwa kuwa kati ya 1978 na 1981 soko lilikuwa limejaa filamu zilizoiga ya kwanza na kumwaga damu zaidi. Ya pili ililazimika kufukuzana na watoto wa ya kwanza. Mkimlaumu mwongozaji, mlaumuni kwa mengine. Na Halloween ya 2018 ilipotengenezwa kama mwendelezo wa moja kwa moja wa 1978, jambo mojawapo la kwanza waliloondoa ni undugu; mmoja wa vijana anautaja kama uvumi tu.

Fundi_Spika:

Kuhusu filamu za pili zilizofaulu, naanza na Aliens ya James Cameron, 1986. Alien ya Ridley Scott, 1979, ina kiumbe mmoja usiyejua umbo lake maana linabadilika kila ukionana nalo. Cameron alijua umbo limeshajulikana, siri hiyo haiwezi kuuzwa mara mbili. Akabadilisha swali kutoka "ni nini?" kwenda "ni wangapi, na wako mita ngapi?" Ndipo kile kifaa cha kutambua mwendo kinapobeba filamu: mlio unaopanda kasi, nambari inashuka, na mbele yako mlango umefungwa, hakuna kitu. Hofu nzima imehamia kwenye sauti. Onyesha toleo la sinema la dakika 137. Lile refu la dakika 154 linaonyesha koloni na wakazi wake kabla askari hawajafika. Lina mazuri yake, ila linakuibia ile hali ya kuingia mahali patupu bila kujua kilichotokea.

Bi_Korido:

Mimi ningeongeza The Exorcist III ya 1990, ambayo William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya ya kwanza, aliiongoza mwenyewe. Haina msichana mwenye pepo wa filamu ya kwanza, wala kitanda kinachotikisika, mpaka studio ilipodai pepo atolewe mwishoni, na mshono unaonekana. Lakini tukio la korido ya hospitali lionyeshwe kando ya Halloween II, litafundisha kuliko maneno. Kamera imekaa mbali, haisogei. Muuguzi anaingia chumba, anatoka, mlinzi anapita, anaondoka. Mshtuko wa uongo unatolewa mapema ili mabega yashuke. Kisha anafunga mlango, anageuka, na kitu kinatoka nyuma yake huku kamera ikivuta karibu ghafla. Damu hakuna. Korido hizo hizo za usiku, matokeo mbali kabisa.

Na kwa upande wa kushindwa, Wajapani wana mfano safi. Ringu ya Hideo Nakata ilitoka Januari 1998 pamoja na mwendelezo wake Rasen, siku moja. Rasen ikaichukua laana ya mkanda wa video na kuieleza kwa virusi na vinasaba. Watu wakaikataa, na mwaka uliofuata Nakata akatengeneza Ringu 2 kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo.

Kivuli_Pembeni:

Taa_Zimwe, kwa mpangilio wa usiku wenyewe: filamu mbili ni dakika 183 kwa jumla. Weka mapumziko ya dakika 15 katikati, lakini usiwashe taa zote. Macho yakishazoea mwanga, dakika za kwanza za ya pili zitaonekana matope. Karatasi ya mtazamaji iwe na safu nne tu: saa, Michael yuko wapi kwenye fremu, nani anajua yupo, na je, mhusika mkuu amechagua kitu. Ukiongeza safu ya tano watu wataandika badala ya kutazama. Karatasi zigawe kwa ya pili peke yake. Ya kwanza waione mikono mitupu, kisha kwenye mjadala uwarudishie shoti ya mashuka na ile ya mlango mweusi, na uwaulize walikuwa wanaangalia wapi.